UZI: Basi kutoka Lubumbashi mpaka Pretoria, kwenda kupiga picha za ndege

Fundi_Foto_Kenya

Jambo yenu wote. Kabla hamjaniuliza: Kenya ninayokaa ni komini ya Kenya, Lubumbashi. Kila nikiandika humu kuna mtu ananitumia salamu za Mombasa.

Kazi yangu ni foto za harusi, ubatizo na vilio (misiba). Ugonjwa wangu ni ndege, na kwetu huo ni ugonjwa wa kuficha. Mnajua wenyewe: uwanja wa ndege Kongo si mahali pa kutoa kamera. Ni eneo la usalama, na anayekushika haulizi kama ulilenga ndege au ulimlenga shangazi yako anayeshuka ngazi. Familia moja iliwahi kunikodi nipige picha za bibi harusi akitua. Nikakaa saa mbili kwenye kiti cha mbao, kamera iko juu ya meza ya bwana mmoja aliyepitia picha zote moja moja, pamoja na za harusi mbili za watu wengine. Alikuwa mpole kabisa. Akaniambia keki ya ile ya pili ilikuwa nzuri, kisha akafuta zote za uwanja. Sitautaja uwanja wala ofisi. Siku ile niliamua kwamba nikitaka ndege nitakwenda mahali ambapo zinarushwa ili zipigwe picha.

Mahali hapo kwa sisi wa kusini ni Afrika Kusini. Kuna maonyesho yanaitwa Africa Aerospace and Defence, watu husema AAD tu. Hufanyika Septemba, kila miaka miwili, mwaka wa namba shufwa, kwenye kambi ya jeshi la anga ya Waterkloof, Centurion, jirani na Pretoria. Siku za mwanzo ni za wafanyabiashara wenye tai. Wikendi ni yetu sisi wenye kofia na mikate ndani ya begi. Nimekwenda mara mbili, zote kwa barabara: Kasumbalesa, Kitwe, Ndola, Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge. Viza iwe tayari kabla hujafunga begi, na viatu viwe vikubwa kidogo, maana miguu itavimba.

Basi lilipita Ndola usiku. Abiria wote wamelala, mimi namfikiria Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa wakati ule. Ndege yake, DC-6, ilianguka karibu na mji huo usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, akija kuonana na Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, juu ya vita vya hapa kwetu. Walikufa watu 16. Haya, nimetoka nje ya mada.

Mada ni hii. Nilikwenda mara ya kwanza nikiamini kwamba nikishindwa, nitashindwa kwa sababu ya lenzi. Nina Canon 70D ya mtumba na lenzi ya milimita 70-300, ile ya zamani yenye swichi ya utulivu ya namba 1 na namba 2. Pale kwenye uzio nilikuta wazee wenye lenzi ndefu kama bomba la maji, nikaona aibu. Kumbe lenzi haikuwa shida yangu. Kilichoniangusha ni mkono na kiuno, na namba moja niliyoiweka asubuhi nikaisahau: 1/2000, yaani kamera inafunguka kwa sehemu moja ya 2000 ya sekunde.

Nilijiambia ndege zina mbio, basi niweke kasi kubwa. Zikaja Harvard. Kwa asiyezijua: ni ndege za mafunzo za miaka ya vita kuu ya pili, injini ya mviringo ya nguvu farasi 600, mngurumo wake unausikia tumboni kabla hujaiona ndege yenyewe. Jeshi la anga la Afrika Kusini lilizitumia kufundishia marubani mpaka 1995! Nikapiga, nikapiga. Jioni nafungua picha kwenye chumba cha kulala wageni: kila Harvard pangaboi limesimama wima kama limegandishwa kwa gundi. Injini inaonekana imezimika, ndege inasubiri kuanguka. Picha 400, hakuna hata moja yenye uhai.

Nikachukua kalamu. Pangaboi la Harvard limefungwa moja kwa moja kwenye injini, halina gia katikati. Tuseme mizunguko 2,000 kwa dakika. Hiyo ni kama 33 kwa sekunde. Ukifungua kamera kwa 1/2000, jani la pangaboi linasogea nyuzi 6 tu, hata mtoto hataona kwamba linazunguka. Kwa 1/200 linasogea nyuzi 60. Hapo unapata ule ukungu mzuri, na bado ndege haijakushinda sana. Ukitaka duara zima, mapanga yakiwa mawili kila moja lazima lizunguke nusu, kwa hiyo ushuke mpaka karibu 1/60. Huko wanafika wenye roho ngumu.

Helikopta ni mbaya zaidi. Oryx, ambayo ni mtoto wa Puma ya Wafaransa, panga lake kubwa linazunguka kama mara 265 kwa dakika. Piga hesabu: kwa 1/80 linasogea nyuzi 20 tu. Kwa hiyo kwa helikopta mimi nashuka 1/80, nikijisikia vizuri 1/60, na ninakubali kwamba kumi zitaharibika ipatikane moja.

Kwa ndege za jeti, kama Gripen na Hawk, pangaboi halipo, panda tu 1/1000 au 1/1600 ulale usingizi.

Jumapili nikajaribu 1/160 kwa zile zenye pangaboi. Picha 600, safi 9! Sasa pangaboi zinazunguka lakini ndege yenyewe imepakaa kama siagi. Ndipo nilipoelewa kwamba sijui kuifuata ndege kwa mwili. Nilikuwa nafuata kwa mikono, kisha nikibonyeza nasimama, kama mtu anayepiga picha ya familia.

Narudi baadaye, kuna mteja mlangoni.

Mwanakijiji_wa_Moro

Mkuu naweka kambi hapa. Siku hizi humu watu wanabishana siasa tu, leo tumepata kitu. Ila swali la kizushi: si ungetumia simu tu? Simu za sasa kamera zake kali.

Fundi_Foto_Kenya

Mkuu karibu. Simu ni nzuri kwa ndege zilizoegeshwa, kwa sura za watu wanaotazama juu midomo wazi, na kwa moshi wa ndege za Silver Falcons, timu ya maonyesho ya jeshi la anga la Afrika Kusini, zinapoachana angani. Moshi unajaza mbingu, lenzi pana ya simu inaupenda. Ila ndege moja iliyo mita 300 kwenye simu ni nzi juu ya ukuta.

Mtoto_wa_Katuba

Yaya Fundi, jambo. Mi niko na Nikon D3200 na ka-objektifu ka 55-200. Batu banasema bila 600 ni kupoteza wakati. Njo vile?

Fundi_Foto_Kenya

Mdogo wangu, usiwasikilize. Twende kwa hesabu, kwa sababu hesabu haina majivuno.

Gripen ina urefu wa mita 14.1. Ikipita mbele yako umbali wa mita 300, kwa lenzi ya 300 picha yake kwenye kihisio (kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha) inakuwa milimita 14.1. Kihisio cha kamera yangu kina upana wa milimita 22.5. Yaani ndege inakula zaidi ya nusu ya picha. Unataka nini tena? Ikiwa mita 500 inashuka mpaka milimita 8.5, hapo utakata pembeni nyumbani. C-130, ile ndege ya mizigo ya jeshi, ina karibu mita 30: kwa mita 500 bado inakujazia picha. Wewe mwenye 200 zidisha yote kwa theluthi mbili. Jeti ndogo zitakutesa kidogo, ndege kubwa na makundi utayapata. Na kwa makundi utamshinda mwenye 600, kwa sababu yeye atabaki na bawa moja na nusu.

Shida ya D3200 ni rafali, yaani kupiga mfululizo: picha 4 tu kwa sekunde. Lakini hata rafali ni mtego. Mara ya kwanza nilishikilia kidole kama mlinzi wa filamu za vita, nikiwa kwenye RAW (picha ghafi, faili nzito). Baada ya picha kama 15 kamera ikasimama kumeza ilichokula, na hapo hapo jeti mbili zikapishana mbele yangu. Mwanamke mmoja pembeni alicheka. Sasa napiga tatu tatu. Natulia, tatu tena.

Bibi_Bel_Air

Baba Fundi, ulituacha kwenye siagi. Mkono ulinyooka vipi?

Fundi_Foto_Kenya

Mama, samahani, nilikuwa na foto za pasipoti.

Nilirudi Lubumbashi nikiwa na miaka miwili mbele yangu na hakuna ndege ya kufanyia mazoezi. Luano, uwanja wetu wa ndege, siendi na kamera, nimeshasema kwa nini. Nikatazama barabara, nikawaona manseba. (Kwa wa nje: manseba ndio bodaboda wetu.) Siku ya mechi, Kamalondo karibu na uwanja wa Mazembe, wanapita kama nyuki, wana bendera, wana abiria wawili nyuma, mmoja anapuliza vuvuzela. Nilisimama ng'ambo ya barabara, 1/60, nikaanza kuwafuata.

Mwili unavyofanya kazi ni hivi. Miguu ielekee pale utakapopigia picha, si pale ndege inapotokea. Kisha pinda kiuno kuelekea inakotoka. Viwiko vibane mbavu. Anza kufuata mapema, ukiwa bado hujabonyeza, ili ikifika katikati kiuno chako kiwe kinajifungua chenyewe, hakilazimishwi. Bonyeza taratibu. Na ukishabonyeza ENDELEA kufuata mpaka ipite. Hapo ndipo wengi tunapokufa. Ukisimama kwa kubonyeza, picha imekwisha.

Wiki ya kwanza nilipata magurudumu bila manseba na manseba bila kichwa. Mwezi wa tatu nilikuwa nasoma namba ya simu iliyoandikwa kwenye jaketi la dereva huku nyuma ukuta wote umegeuka mistari. Walizoea kuniona, wengine wakawa wanapunguza mwendo wapigwe vizuri, jambo ambalo linaharibu mazoezi.

Kwa mazoezi ya juu nilitumia mwewe. Karibu na Septemba wanajaa juu ya soko, wanateremka kunyakua utumbo wa kuku. Mwewe ni mgumu kuliko jeti. Jeti ina njia yake na mtangazaji anakuambia inatokea upande gani. Mwewe hana mtangazaji.

Mara ya pili Waterkloof, Harvard kwa 1/160: katika kila kumi nilikuwa napata mbili au tatu safi. Wazee wa mabomba wananiambia hiyo ni sawa hata kwao. Swichi ya utulivu niliweka namba 2, ile inayotuliza juu na chini peke yake na kukuacha ufuate pembeni. Ukiacha namba 1 lenzi inapigana nawe.

Pepo_za_Kivu

Salamu kutoka Goma. Kaka, sisi tulikua tukitazama ndege bure. Mji umezunguka uwanja, ndege za mizigo zilikuwa zinapita juu ya mabati mama anaanika sombe. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilimeza kipande cha kaskazini cha pisti (njia ya kurukia), watoto wa wakati huo tulijua urefu wa pisti kuliko urefu wa ziwa. Tangu uwanja ulipofungwa Januari 2025 niligundua kumbe nilikuwa nazijua kwa sauti. Sina picha hata moja ya ndege ya Goma. Kwa sababu ile ile yako.

Swali: mwanga. Mbingu ya kwetu ni nyeupe, ndege inatoka nyeusi kama mkaa.

Fundi_Foto_Kenya

Pole sana ndugu yangu. Andika zile sauti basi, hata hizo ni kumbukumbu.

Mwanga: kamera ikiona mbingu nyeupe inadhani kuna mwangaza mwingi mno, inabana, ndege inakuwa kivuli. Ongeza mwangaza wewe kwa mkono: +1, mbingu ikiwa nyeupe kabisa hata zaidi. Mbingu ya bluu iliyokolea, kama ile ya Pretoria asubuhi, haihitaji, au theluthi moja inatosha. Usiogope mbingu kuungua, hakuna mtu atakayeuliza wingu lilikuwa wapi.

Jambo la pili ni jua, na hapa naomba mnisikilize, maana maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya. Kwao jua la mchana liko kusini. Pretoria mchana liko kaskazini mwaka mzima. Kwetu Lubumbashi linahama: Juni liko kaskazini, Desemba limevuka kichwa liko kusini. Mtu akikuambia "simama kusini mwa pisti", muulize kwanza anakaa nchi gani.

Na pisti yenyewe inakuambia inaelekea wapi. Zile namba kubwa zilizoandikwa mwishoni ni dira iliyokatwa sifuri. Waterkloof ni 01/19, maana yake nyuzi 10 na 190, karibu kaskazini na kusini kabisa. Kwa hiyo nusu ya siku jua litakuwa machoni na nusu litakuwa mgongoni, upende usipende. Nusu mbaya itumie kwa vivuli, moshi na kula. Luano ni 07/25, hiyo inalala mashariki na magharibi, mambo yake ni mengine.

Na joto. Saa sita mchana lami inachemka, hewa inacheza, ndege iliyo chini inatoka kama inatazamwa kupitia supu. Hakuna lenzi inayotibu hilo. Za chini piga asubuhi milango inapofunguliwa.

Mjukuu_wa_Fundi_Reli

Jambo. Babu yuko hapa pembeni, nimemsomea uzi wote. Anasema mnazungumza ndege za maonyesho, yeye ya kwanza aliyoitazama ilimfukuza mpaka chini ya kitanda. Ilikuwa Fouga ya Katanga, 1961, alikuwa na miaka tisa. Anasema mkia wake ulikuwa wa V na mlio wake kama filimbi. Anauliza kama siku hizi zipo za kutazama bila kukimbia.

Fundi_Foto_Kenya

Mfikishie mzee heshima zangu, mwambie namsalimu kwa mikono miwili.

Kumbukumbu yake ni sawa kabisa. Fouga Magister, jeti ndogo ya mafunzo ya Wafaransa, mkia wa V. Katanga ilipata tatu mwanzoni mwa 1961, na Septemba ile iliyokuwa inaruka ni moja tu. Moja! Na iliwasumbua wanajeshi wa Umoja wa Mataifa vibaya sana, maana wakati ule hawakuwa na ndege za kivita. Fouga hiyo hiyo ndiyo timu ya maonyesho ya Ufaransa, Patrouille de France, iliyoruka nayo kuanzia 1964 mpaka 1980. Watu Ulaya walikuwa wanapiga makofi chini ya ndege ambayo babu aliikimbia.

Kisha Oktoba 1961 Waswidi wakaleta Saab 29 kuwasaidia Umoja wa Mataifa. Waliiita Tunnan, yaani pipa, na ukiiona utakubali. Baadaye zikaja mbili za aina iliyotengenezwa kwa ajili ya kupiga picha kutoka juu. Yaani mbingu ya Katanga ilishapigwa picha zamani, ila sisi ndio tulikuwa chini.

Nilipokuwa Waterkloof Gripen ikapita, nikakumbuka kwamba nayo ni Saab. Afrika Kusini ilinunua 26. Nilishusha kamera nikaitazama kwa macho mzunguko mzima, sikupiga hata moja. Mwanamke yule yule aliyenicheka akaniuliza kama betri imekufa.

Mwanakijiji_wa_Moro

Babu apewe maua yake. Ila mkuu, mimi bado nabisha kidogo. Watu wa kawaida wanataka ndege ionekane kali, kila msumari uonekane. Hizo ukungu za pangaboi ni mambo ya mafundi wenyewe kwa wenyewe.

Bibi_Bel_Air

Mimi ni mtu wa kawaida na nimemwelewa. Ukipiga mtu anayecheza rumba kwa namna kila kidole kinaonekana, anakuwa kama amekauka.

Fundi_Foto_Kenya

Mama amejibu kuliko mimi.

Ila mkuu una haki upande mmoja: ukiwa na siku moja tu na hujafanya mazoezi, piga nusu ya Harvard kwa 1/400 urudi na kitu. Mimi nilirudi na 9 kutoka 600 na nauli ya basi bado nilikuwa nadaiwa.

Mengine madogo kabla sijasahau. Fokasi iwe ya kufuata, Canon inaitwa AI Servo, Nikon AF-C, na nukta ya fokasi ya katikati. Acha nafasi mbele ya pua ya ndege. Ndege ikigeuka kuondoka inakuonyesha mgongo, na mgongo ndio wenye rangi na rubani. Kwa hiyo usishushe kamera eti imepita. Ncha za uzio mara nyingi ni nzuri kuliko katikati, ndipo jeti zinapolala ubavu kugeuka, na watu ni wachache. Vizibo vya masikio, hasa ukienda na watoto. Maji. Tripodi iache nyumbani, utamgonga mtu.

Mtoto_wa_Katuba

Yaya, aksanti. Jana niliendaka barabarani, nilipiga manseba 140. Moja tu njo ilitoka muzuri. Sasa ule manseba anataka foto yake, na hataki kulipa.

Fundi_Foto_Kenya

Mpe. Halafu muulize kesho anapita saa ngapi, na asipunguze mwendo.